MOTAKAA NDOGO ZA MFANO NA FAIDA YA KIPIMO

(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama, Sombetini)



Jambo nililopewa ni kazi ambayo wengi huiita mchezo, yaani kuunda motakaa ndogo za mfano, na kuzibadili kila mtu kwa kadiri ya akili na mapenzi yake. Najua ya kuwa baadhi yenu mliposoma tangazo ubaoni mlicheka. Kicheko hicho sina haja ya kukikataza. Lakini naomba mnivumilie hata mwisho, kwa kuwa ninalo ombi la kuweka mbele yenu, nalo lahusu chumba chetu cha mikutano na fedha kidogo ya mfuko wa Chama. Mtu aombaye fedha ya wenziwe hana budi kutoa hesabu ya maneno yake.

Nitakalolisema laweza kutiwa katika maneno machache. Mji wetu wa Arusha wapata sehemu kubwa ya riziki yake kwa magari. Watoto wetu wa Sombetini huyaona magari hayo tangu asubuhi hata usiku, nao huyaunda upya kwa waya na makopo, kwa mikono yao wenyewe, bila mwalimu. Kitu kimoja hawajapewa, nacho ni kipimo. Ninyi na mimi, ambao kazi yetu ya kila siku ni rula, tarakimu na jedwali, ndio tulio nacho. Tukikaa nacho kimya, mtoto akifika darasa la tano au la sita huuacha mchezo wake, na ule ujuzi wa vidole hupotea pamoja na waya zake.

Tuitazame kwanza kazi yenyewe ya mtoto, maana twaipita njiani bila kuiangalia. Hutafuta waya mnene, akaukunja kuwa chesisi. Kwa waya mwembamba hufunga maungio, mizunguko mitatu au minne, mpaka pasitikisike. Magurudumu hukatwa katika soli ya ndala iliyochakaa, au huwa vizibo vya chupa za soda, au vifuniko vya makopo ya mafuta ya kupikia. Kisha hutoka fimbo ndefu, ya waya au ya mti, ambayo ncha yake ya chini imeshikana na ekseli ya mbele, na ncha ya juu imekunjwa kuwa usukani wa duara unaofika kifuani mwa mtoto. Akiuzungusha usukani, ekseli ya mbele hugeuka, nalo gari hukata kona, mwenyewe akikimbia nyuma yake wima bila kuinama. Ekseli ya namna hiyo, igeukayo nzima juu ya nguzo moja ya katikati, ndiyo iliyoendesha magari ya kukokotwa na farasi kwa karne nyingi. Mtoto wa miaka tisa ameipata kwa kujaribu tu.

Magari haya si ya Sombetini peke yake. Huonekana Kenya, Uganda, Kongo na katika nchi za kusini. Huko Malawi huitwa galimoto, na neno hilo ndilo jina la kitabu cha watoto cha Bibi Karen Lynn Williams, kilichotolewa mwaka 1990, juu ya mvulana azungukaye kijijini akikusanya waya za kuundia gari lake. Nao watoto wa pwani, kwa kuwa mbele ya macho yao yapo maji, hupuna vijahazi na vingalawa, wakavitia tanga la kitambaa na kuvishindanisha ufukoni. Wahenga walisema, ukiona vyaelea, vimeundwa. Mtoto huunda kile akionacho kikielea au kikienda mbele yake.

Na sisi wa Arusha, je, watoto wetu waona nini? Hapa ndipo nataka mtege masikio. Gari la waya la mtoto wa Sombetini mara nyingi lina paa lililoinuliwa juu ya vijiti vinne. Paa hilo halimo katika gari litokalo Japani au Uingereza. Mafundi wa hapa petu ndio waliolitia. Motakaa kama Toyota Land Cruiser huingia katika karakana za Arusha, hukatwa, hurefushwa mwili ili ipatikane safu nyingine ya viti, springi huongezwa nguvu, na paa hufanywa la kuinuka ili mgeni asimame akaone wanyama bila kushuka chini. Kisha gari hilo hushika njia ya Makuyuni kwenda Manyara, Ngorongoro na Serengeti. Mtoto amelitazama gari lililobadilishwa, naye amelibadili la kwake vivyo hivyo. Kwa hiyo ile kazi ambayo katika nchi za ng'ambo watu wazima huifanya mezani kwa furaha, yaani kuchukua motakaa ya mfano na kuigeuza iwe tofauti na ilivyotoka kiwandani, katika mji huu ni kazi ya kutafutia unga, na watoto huiga wakiwa wangali wadogo.

Sasa nije kwenye kipimo. Motakaa ya mfano hutofautiana na mwanasesere kwa jambo hili: kila sehemu yake imepunguzwa kwa hesabu moja. Ikiwa urefu umegawanywa kwa 25, basi na upana umegawanywa kwa 25, na kimo, na gurudumu, na hata taa. Waundaji wa dunia wana vipimo vyao vilivyozoeleka, na kila kimoja kina asili yake. Frank Hornby wa Liverpool, aliyepata hataza ya vyuma vyake vya kuungia, vilivyokuja kuitwa Meccano, mwaka 1901, alianza baada ya vita kuu ya kwanza kuuza treni ndogo. Katika treni hizo milimita 7 zilisimama mahali pa futi moja. Futi moja ina milimita 304.8, ukigawanya kwa 7 wapata 43 na nusu. Vigari vilivyotoka kiwandani mwake kwa jina la Dinky Toys, tangu mwaka 1934, vilianza kama wenzi wa treni hizo, na ndiyo maana hata leo waundaji wengi hutumia kipimo cha 1:43. Wapimao nusu inchi kwa futi hupata 1:24. Waamerika walizoea 1:25, na mwaka 1958 kampuni ya AMT ilitoa masanduku ya vipande vya plastiki ambavyo mnunuzi aliweza kuviunga kwa namna tatu: gari kama lilivyotoka kiwandani, au gari lililobadilishwa, au gari la mashindano. Vile vigari vidogo vya Matchbox, vilivyoanza mwaka 1953, vilikadiriwa viingie katika kisanduku mfano wa kibiriti, kwa sababu shule ya binti wa fundi wao, Jack Odell, iliruhusu tu mchezo uingiao humo.

Msiogope hesabu hizi. Nimekuja na njia fupi ambayo yafaa mtoto wa darasa la tatu. Chukueni futi ya fundi cherehani, ile ya kitambaa, yenye inchi upande mmoja na sentimita upande wa pili. Pimeni gari kubwa kwa upande wa inchi. Kisha undeni gari dogo kwa milimita, kwa tarakimu ileile, bila kuzidisha wala kugawanya. Kwa kuwa inchi moja ni milimita 25.4, gari lenu litakuwa kamili kwa kipimo cha 1:25.4, ambacho ni kile cha Waamerika kasoro unywele.

Natoa mfano wa Land Rover, gari ambalo mji huu wajulikana kwalo, hata mwezi wa Oktoba 2024 zilikusanywa hapa Arusha Land Rover mamia kwa mamia kwa tamasha lake. Land Rover ya 110 yaitwa hivyo kwa kuwa toka kati ya gurudumu la mbele hata kati ya gurudumu la nyuma ni inchi 110. Basi katika mfano ni milimita 110. Upana wake ni inchi 70 na nusu. Wekeni milimita 70 na nusu. Tairi lake la kawaida la kazi huandikwa 7.50-16. Tarakimu ya kwanza ni upana wa tairi kwa inchi, na ya pili ni kipenyo cha rimu. Wekeni milimita 7 na nusu, na milimita 16. Kipenyo cha tairi zima hukaribia inchi 32. Pimeni sasa kizibo cha chupa ya soda: kipenyo chake hukaribia milimita 32. Maana yake, kizibo kile ambacho mtoto hukiokota dukani ni gurudumu halali la Land Rover kwa kipimo kinachotumika duniani kote. Mtoto alikuwa na gurudumu sahihi siku zote. Kilichokosekana ni mtu wa kumwambia ukubwa wa gari linalolistahili.

Naongeza jambo moja kwa wapendao hesabu. Urefu ukigawanywa kwa 25.4, eneo la bati hugawanyika kwa 645, na ujazo kwa zaidi ya 16,000. Gari la kilo 2,000, lau lingeundwa vilevile kwa vitu vilevile kwa kipimo hicho, lingekuwa na uzito wa gramu 122 hivi. Ndiyo sababu gari dogo lililoundwa kwa waya mnene mno huonekana zito na gumu mbele ya macho hata kama hujui kwa nini. Na ndiyo sababu rangi yataka kupakwa nyembamba sana. Ukikosea milimita mbili mezani, umekosea inchi mbili barabarani, na mlango wa inchi mbili zaidi haufungi.

Nieleze kwa taratibu jinsi kazi ifanywavyo, ili atakaye aanze.

Kwanza, omba ruhusa ya mwenye gari, ulipime likiwa limesimama mahali sawa. Andika vipimo katika jedwali: urefu, upana, kimo, baina ya ekseli na ekseli, boneti, kioo, mlango, dirisha. Sisi makarani kwa jedwali hatuna wa kutufundisha.

Pili, chora gari kwa upande, kwa mbele na kwa juu katika karatasi ya miraba. Mchoro usipokubaliana, yaani kimo cha ubavuni kisipolingana na kimo cha mbele, kosa li katika vipimo, rudi garini.

Tatu, kata ruwaza katika karatasi ngumu ya boksi, uiunge kwa gundi, uitazame. Boksi likiharibika ni hasara ya dakika tu.

Nne, kunja chesisi ya waya, kisha uhamishe ruwaza juu ya bati. Land Rover yafaa kwa mwanafunzi kwa sababu mbili. Mabati yake mengi yamenyooka. Tena, ilipotolewa kwanza mwaka 1948, mwili wake ulifanywa kwa alumini iliyochanganywa, maana katika Uingereza baada ya vita chuma kilikuwa haba na cha kugawiwa. Kopo la soda nalo ni alumini. Mwanafunzi aweza kuunda mwili wa Land Rover kwa madini ya jamii moja na ile ya gari lenyewe, tena bure.

Tano, magurudumu. Kizibo chafaa, lakini ukitaka tairi lenye upana wa kweli, kata duara katika soli ya ndala, ulisugue kwa msasa hata lifikie milimita 7 na nusu. Mji huu ulikuwa na kiwanda chake cha matairi, General Tyre, kilichokuja kusimama. Watoto waliokata matairi ya ndala kwa wembe katika miaka hiyo, baadhi ya baba zao walikuwa wakitengeneza matairi makubwa zamu ya usiku.

Sita, kubadili. Hapa nina kanuni moja ambayo nimeichukua kwa mafundi wakubwa: usibadili kitu bila kujua sababu yake. Karakana hairefushi gari ili lipendeze. Huongeza safu ya viti. Haiinui paa kwa urembo. Mgeni yataka asimame. Keria juu ya paa ni ya mizigo na dumu za mafuta, tairi la akiba nyuma ni kwa kuwa porini hakuna duka. Basi na mwanafunzi atakayerefusha gari lake kwa milimita 20 na aseme: nimeongeza inchi 20, nazo zatosha kiti kimoja na magoti ya mtu, au hazitoshi. Akipaka jina ubavuni na rangi ya mabasi ayapendayo, na afanye. Lakini lile la sababu litangulie. Na vumbi pia ni rangi. Wako watu katika Ulaya na Japani wanunuao vichupa vya rangi ya matope ili motakaa zao za mfano zionekane zimetoka safarini Afrika. Sisi matope hayo twayafuta viatuni kila masika.

Nisemalo si mzaha. Mashindano ya Safari, yaliyoanza mwaka 1953 kupita Kenya, Uganda na Tanganyika, yameacha alama katika kazi hii duniani. Bert Shankland, dereva wa Dar es Salaam, alishinda mwaka 1966 na mwaka 1967 kwa Peugeot 404. Joginder Singh wa Kenya alishinda mara tatu, mwaka 1965, 1974 na 1976. Mwaka 1970 Edgar Herrmann alishinda kwa Datsun Bluebird, na kampuni ya Hasegawa ya Japani imetoa sanduku la kuunda gari hilohilo kwa kipimo cha 1:24. Magari yaliyokwama katika udongo wetu yauzwa ndani ya masanduku mbali na hapa, na watoto waishio juu ya udongo huo hawajapata kuliona hata sanduku moja.

Wala msidhani kwamba wenzetu walianza na mitambo. Kampuni ya Tamiya, ya mji wa Shizuoka, ambayo leo jina lake lafahamika kwa kila muundaji, ilianza mwaka 1946 kwa kupasua mbao. Iliunda mifano ya mbao kwanza, ndipo mwaka 1960 ikatoa wa plastiki. Mbao, bati na waya ni mwanzo wa heshima.

Na huko Marekani palikuwa na jambo ambalo laingia moja kwa moja katika ombi langu. Mwaka 1930 kampuni ya Fisher Body, iliyokuwa sehemu ya General Motors, ilianzisha chama cha vijana mafundi. Mwanzoni walitakiwa kuunda gari la farasi la mfano, lenye umbo la magari ya Napoleon, kwa vipimo vilivyopangwa. Ilikuwa kazi ya mamia ya saa. Mwaka 1937 wakaongezewa shindano la kubuni motakaa za mfano kwa kipimo cha 1:12. Zawadi kubwa haikuwa kikombe wala nishani. Ilikuwa ada ya chuo kikuu. Shindano hilo lilidumu hata mwaka 1968. Mmoja wa washindi wa mwaka 1947, Charles Jordan, aliajiriwa na General Motors, na mwaka 1986 akawa mkuu wa kubuni motakaa zote za kampuni hiyo. Kile kigari cha mezani kilimfikisha alikofika kwa kuwa watu wazima walikipima, wakakitolea hukumu, wakamlipia shule mwenye nacho. Dosari yao ilikuwa kwamba waliwaita wavulana peke yao. Sisi tusifuate dosari hiyo. Hapa mtaani wasichana pia wana vidole na macho.

Sasa nijibu yale ninayoyasikia yakinong'onwa viti vya nyuma.

Lipo neno la kwanza, kwamba mtu mzima kucheza na vigari ni aibu kwa cheo chake. Hapo huletwa ile methali, kazi mbi si mchezo mwema. Nami naikubali methali, ila nauliza: kupima, kuchora, kukata na kulinganisha kumekuwa mchezo tangu lini? Safina ya Nuhu iliagizwa kwa dhiraa, 300 kwa 50 kwa 30, kabla haujapigwa msumari mmoja. Tena wale wazee wa Tanga, akina Martin Kayamba, walioanzisha chama cha watumishi Waafrika wa Serikali mwaka 1922, hawakukusudia habari za mishahara peke yake. Walitaka pia pawe na mahali pa kukutana, kusoma na kucheza mpira baada ya kazi. Saa za baada ya kazi zina njia nyingi za kupotea, nanyi mwazijua zilipo, na mwisho wa mwezi wake zenu huzijua zaidi.

Neno la pili ni gharama. Masanduku ya plastiki yatokayo ng'ambo ni ghali kweli, nami siombi hata moja. Vitu nilivyovitaja vyote huokotwa. Kinachohitaji fedha ni vyombo, na vyombo vikitunzwa huishi miaka.

Neno la tatu ni zito, nalo ni la wazazi: kwamba mtoto ataacha masomo. Nawajibu kwa heshima. Mtoto asiyejua kwa nini afundishwe desimali huzichukia. Mtoto mwenye kizibo mkononi, ambaye ameona kwamba milimita 32 ni inchi 32, hazichukii tena, maana zimeanza kumfanyia kazi. Na huyo ambaye mtihani utamwacha nyuma, kama utakavyowaacha wengi, atakwenda wapi? Karakana za mji huu zataka vijana, nazo zawachukua. Lakini yule ajuaye kusoma mchoro hapewi kazi sawa na yule ajuaye kushika nyundo tu. Sisi tulioshika kalamu tumezoea kudhani kwamba mkono wenye grisi ni mkono ulioshindwa shule. Wazo hilo linawagharimu watoto wetu, na baadhi yao wako katika nyumba zetu wenyewe.

Yapo pia mambo ya hatari, nami sitayaficha. Watoto huchoma matairi makukuu ili wapate waya wa ndani. Moshi ule ni sumu kwa mapafu yao na ya jirani. Wengine hukata waya za ua wa watu, nao huo ni wizi hata ukiitwa mchezo. Makali ya kopo hukata kidole mpaka mfupa. Rangi ya kupuliza ndani ya chumba kilichofungwa huumiza kichwa na kifua. Betri kuukuu zisifunguliwe kamwe. Haya yote hutendeka sasa, vichochoroni, bila mtu mzima karibu. Yakifanyika mezani petu, kwa waya wa kufungia ulionunuliwa kwa halali, kwa kingo zilizosuguliwa tupa, na madirisha wazi, hatari nyingi huondoka.

Basi, Bwana Mwenyekiti, naleta mashauri manne.

La kwanza: chumba chetu kifunguliwe kila Jumamosi tangu saa 8 mchana hata saa 11, kwa watoto wa wanachama na wa majirani, wavulana na wasichana, walio na umri wa miaka kumi na zaidi, na kila Jumamosi wawepo wanachama wawili kwa zamu.

La pili: mfuko wa Chama ununue koleo mbili, mkasi wa bati mmoja, tupa mbili, rula nne za chuma, futi mbili za fundi cherehani, msasa, waya wa kufungia na karatasi za miraba. Orodha ya bei nimekwisha kumkabidhi Bwana Mweka Hazina. Vyombo viandikwe katika daftari, na kila jioni vihesabiwe.

La tatu: mwisho wa mwaka yafanywe mashindano. Gari moja la kweli litachaguliwa mbele ya wote, nao watashindana kuliunda kwa kanuni ya inchi kwa milimita. Alama za kwanza ziwe za kipimo, za pili za usafi wa kazi, na za tatu za badiliko moja alilolifanya mtoto kwa hiari yake, pamoja na sababu yake aieleze kwa kinywa. Zawadi iwe ni vifaa vya shule, au sehemu ya ada ya ufundi kwa yule aliyemaliza darasa.

La nne: fundi mmoja wa karakana aalikwe kila miezi mitatu, aketi pamoja nasi kama mwalimu, na apewe kiti cha mbele.

Najua mfuko wetu si mkubwa, na mwaka huu umekwisha kuombwa kwa msiba na kwa ugonjwa. Mkiona shauri la pili haliwezekani sasa, naomba msilikatae la kwanza kwa ajili yake. Chumba hakina gharama, na koleo langu mwenyewe lipo. Mimi niko tayari kushika ufunguo na daftari ya vyombo kwa miezi sita ya kwanza, na kuwaletea hesabu iliyoandikwa.

Hayo ndiyo niliyonayo. Maswali nitayajibu kadiri niwezavyo, na uamuzi ni wa mkutano.